Kivoi wa Kitui: Mfanyabiashara wa pembe aliyeuawa njiani akielekea Tana

JINA la taifa la Kenya lilipita njia ndefu kabla ya kuandikwa rasmi katika karatasi za serikali ya kikoloni mwaka 1920. Mmoja wa watu walioliingiza katika njia hiyo alikuwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Kitui, Kivoi wa Mwendwa, ambaye aliuawa mwezi Agosti 1851 akiwa safarini kuelekea mto Tana.

Kivoi hukumbukwa zaidi kwa sababu ya mlima. Ndiye aliyemweleza mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, habari za mlima mweupe uliokuwa mbali kaskazini-magharibi ya nchi ya Wakamba. Lakini maisha yake hayakuwa ya kuonyesha wageni milima. Yalikuwa maisha ya misafara, ya pembe na vitambaa, ya mishale yenye sumu, na ya magobore yaliyoanza kupenya bara kutoka Mombasa na Zanzibar.

Simulizi huweka kuzaliwa kwake katika miaka ya 1780. Enzi hizo Wakamba walikuwa wamekwisha kuenea kutoka vilima vya Mbooni, ambavyo leo vimo katika Makueni na ambavyo wazee huvitaja kuwa kitovu cha kabila hilo, hadi ng'ambo ya mto Athi katika nchi kavu ya Kitui. Mbooni kulikuwa na mvua na mashamba ya kutegemewa. Kitui mvua haikuaminika. Aliyehamia huko alilazimika kuwinda, kufuga, na mavuno yalipokosekana, kwenda kwa majirani kutafuta nafaka kwa kubadilishana mali.

Safari hizo za kutafuta chakula, ambazo Wakamba waliziita kuthuua, ndizo zilizozaa biashara kubwa. Mtu aliyekwenda Mbeere au Tharaka kuomba mtama kwa kutoa mshale, chumvi au mkufu wa shaba alijifunza njia, lugha na majina ya watu wa kuaminika. Alifunga nao udugu. Baadaye, bei ya pembe ilipopanda pwani, njia zile zile za njaa ziligeuka kuwa njia za utajiri. Ukame wa miaka ya 1830 ulisukuma Wakamba wengi hadi maeneo ya nyuma ya Mombasa, karibu na Rabai, wakakaa huko. Hivyo msafara uliotoka Kitui uliwakuta ndugu zao wenyewe karibu na mwisho wa safari, jambo ambalo wafanyabiashara wengine wa bara hawakuwa nalo.

Katika mazingira hayo Kivoi aliinuka. Vitabu vingi humwita chifu, na jina hilo limemganda, ingawa halimfai sana. Wakamba wa wakati ule hawakuwa na machifu. Mambo ya kijiji yaliamuliwa na baraza la wazee, nzama, na hakuna mtu mmoja aliyeamuru Ukambani nzima. Uwezo wa Kivoi ulitoka kwingine. Alikuwa na mali, alikuwa na marafiki wa kibiashara kuanzia Mombasa hadi nchi zilizo ng'ambo ya Tana, na alisifika kuwa mtu mwenye uganga. Mtu wa namna hiyo akitangaza safari, mamia walimfuata. Wengine walibeba pembe zake, wengine zao wenyewe, na wote walilipia ulinzi wake kwa utii wa njiani.

Isisahauliwe kwamba miongoni mwa waliomzunguka walikuwamo pia watumwa. Biashara ya pembe ya karne ile haikuweza kutenganishwa kabisa na biashara ya watu, na Kivoi hakuwa tofauti na wakubwa wenzake.

Njia ya kwenda pwani ilikuwa ngumu. Msafara ulishuka kutoka Kitui, ukavuka mto Athi na uwanda wa Yatta, au ukapita upande wa Kikumbulyu, nchi iliyoko karibu na Kibwezi ya leo, kisha ukaingia katika nyika ya Tsavo na Taru isiyo na maji. Kila kituo kilipimwa kwa kisima. Wanyang'anyi waliijua hesabu hiyo kama walivyoijua wasafiri, wakavizia mahali ambapo kiu iliwalazimisha watu kupita.

Pwani, pembe ziliuzwa kwa vitambaa vya merikani, shanga, waya wa shaba na chumvi. Wanunuzi walikuwa Waswahili, Waarabu na Wahindi, na nyuma yao walisimama wafanyabiashara wa Bombay, Ulaya na Marekani. Pembe ya ndovu aliyechomwa mshale kando ya Tana iliweza kuishia katika vinanda vya Connecticut au bangili za harusi Bara Hindi. Nyingine ya bidhaa zilizorudi bara ilikuwa bunduki.

Mkataba wa biashara ambao Seyyid Said wa Zanzibar alitiliana na Marekani mwaka 1833 ulikuwa na kifungu cha pekee kuhusu silaha. Katika kisiwa cha Zanzibar, bunduki, baruti na risasi ziliweza kuuzwa kwa serikali ya Sultani peke yake. Katika bandari zake nyingine ziliuzwa bila kizuizi. Mombasa, iliyokuwa chini ya Mazrui wakati huo, iliangukia mikononi mwa Said mwaka 1837, ikawa mojawapo ya bandari hizo nyingine. Sultani aliziba mlango wa nyumba yake mwenyewe, akaacha wazi ya uani.

Silaha zilizopitia humo zilikuwa magobore ya kushindilia kwa mdomo. Nyingi zilikuwa za gumegume, yaani zilizowashwa kwa cheche ya jiwe. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yakiziacha hatua kwa hatua kufikia miaka ya 1840 na kuchukua bunduki za fataki, na kila jeshi lilipobadili silaha, shehena za zile za zamani zilitafuta mnunuzi. Afrika ilikuwa mojawapo ya masoko hayo. Aidha, mafundi wa Birmingham nchini Uingereza na Liège nchini Ubelgiji walitengeneza bunduki za bei nafuu mahususi kwa biashara ya Afrika.

Wakusanyaji wa silaha za kale wanaohudhuria minada ya London na miji mingine ya Ulaya hujua kuzitofautisha hadi leo. Gobore la jeshi la Uingereza lina taji na neno Tower kwenye bamba la mtambo wake, kwa kukumbuka ngome ya London ambako silaha zilihifadhiwa, pamoja na alama ya mshale mpana wa serikali. Ukiona mishale miwili imegongwa ikielekeana ncha kwa ncha, silaha hiyo ilitolewa jeshini na kuuzwa kihalali. Ya Liège hutambulikana kwa herufi ELG ndani ya duara lenye umbo la yai, alama iliyoanza kutumika mwaka 1810. Mnunuzi makini hutazama pia karibu na mdomo wa mtutu. Bunduki ya askari ina kinundu cha chuma ambacho singe ilifungwa hapo. Bunduki ya biashara kwa kawaida haina, kwa kuwa aliyeinunua alikwenda kuwinda ndovu au kulinda pembe, wala hakutarajiwa kusimama katika safu na kuchoma adui kwa singe.

Alama hizo ndizo hupandisha au kushusha bei. Kipande cha chuma chenye kutu kikiwa na hati ya kuthibitisha kilikotoka huweza kushinda kingine kinachong'aa. Nchini Kenya uwanja huo ni mwembamba, kwa kuwa sheria ya silaha, sura ya 114, humtaka mtu awe na cheti cha kumiliki bunduki.

Msomaji wa leo huenda akadhani kwamba mwenye gobore mwaka 1850 alikuwa mfalme mbele ya mwenye upinde. Sivyo. Gobore la jeshi lilikuwa na uzito wa kilo nne na nusu hivi. Baruti ilimiminwa mtutuni, risasi ikafuata, vyote vikashindiliwa kwa mdeki, kisha baruti kidogo ikatiwa kwenye kisahani cha mtambo. Askari aliyefunzwa aliweza kupiga mara tatu kwa dakika. Zaidi ya hatua mia moja, kumlenga mtu mmoja ilikuwa bahati nasibu. Majaribio yaliyofanywa Woolwich, Uingereza, mwaka 1834 yalionyesha kwamba bunduki za gumegume zilikataa kulia karibu mara 2 katika kila 13. Mvua au umande ukiingia, hesabu ilikuwa mbaya zaidi.

Mkamba mwenye upinde, kwa upande wake, alipiga mishale kadhaa katika muda ambao mwenzake alihangaika na mdeki. Ncha ya mshale ilipakwa sumu iliyochemshwa kutokana na mti wa aina ya Acokanthera, sumu inayoshambulia moyo, ikafungwa kwa ngozi laini ili isikauke. Kwa sumu hiyo Wakamba waliwaangusha ndovu, na sifa yao ya uwindaji ilitangulia majina yao kila walikokwenda. Bunduki katika msafara wa Kitui ilithaminiwa zaidi kwa mlio, moshi na heshima yake.

Hiyo ndiyo dunia ambayo Krapf aliiingia. Alizaliwa mwaka 1810 huko Derendingen, karibu na Tübingen, akafanya kazi Ethiopia kwa niaba ya shirika la kimisionari la Waanglikana, kisha akafika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huo huo mkewe, Rosine, alifariki pamoja na mtoto wao mchanga. Krapf alibaki. Johannes Rebmann alipojiunga naye, wakafungua kituo Rabai mwaka 1846. Mei 11, 1848, Rebmann aliona theluji ya Kilimanjaro, akiwa katika safari ambayo silaha yake ilikuwa mwavuli tu.

Krapf aliondoka Rabai Novemba 1, 1849 kuelekea Ukambani, akafika kijijini kwa Kivoi Novemba 26. Vitabu vingine humtaja Rebmann kuwa pamoja naye. Rebmann hakuwamo katika safari hiyo.

Mwenyeji alimpokea vizuri, na haikuwa kwa ukarimu pekee. Mgeni mweupe aliyefika akiwa na zawadi na bunduki, mwenye kujuana na watawala wa pwani, alikuwa mtaji. Krapf naye alikuwa na hesabu zake. Aliota mlolongo wa vituo vya injili kuvuka Afrika kutoka bahari hadi bahari, na mtu mwenye kujua njia za bara alikuwa ufunguo wake. Kila mmoja alimhitaji mwenziwe kwa jambo ambalo mwenziwe hakulijali sana.

Ni katika mazungumzo hayo ambapo Kivoi alimweleza juu ya mlima mweupe. Wakamba waliuita Kiinyaa, jina ambalo kwa maelezo ya wengi linahusiana na mbuni, ndege mwenye manyoya meusi na meupe, kama mlima wenyewe ulivyo na miamba myeusi na theluji. Kilimanjaro kwao kilikuwa Kiima Kyeu, mlima mweupe. Kwa siku kadhaa mawingu ya msimu wa mvua yaliuficha. Desemba 3, 1849, kutoka mahali palipoinuka karibu na kijiji hicho, anga lilifunguka na Krapf akauona mlima huo ukiwa na pembe mbili zilizosimama juu yake, umbali wa zaidi ya kilomita 140. Aliandika jina lake kwa namna alivyolisikia, Kegnia.

London hawakuamini. Mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, aliendelea kwa miaka kudai kwamba theluji karibu na ikweta ilikuwa ndoto ya wamisionari. Ilibidi kungojea hadi mwaka 1883, Joseph Thomson alipoufikia ukanda huo, ndipo maneno ya Kivoi yalipopata ushahidi uliowaridhisha wakubwa wa Ulaya. Halford Mackinder alifika kileleni Septemba 13, 1899.

Krapf alirudi Ukambani Julai 1851, safari hii akikusudia kufungua kituo Yatta. Mambo yalikwenda mrama. Msafara wake ulishambuliwa na wanyang'anyi nyikani, wapagazi wakamkimbia, na kibanda alichojengewa hakikutosha hata kuhifadhi mizigo yake. Akaamua kwenda kwa Kivoi. Kivoi alikuwa akijiandaa kwenda Tana kukusanya pembe, na Krapf alitaka kuuona mto huo. Wakaondoka pamoja mwezi Agosti.

Walikuwa wamekaribia Tana waliposhambuliwa. Wavamizi walitokea porini, wakawazunguka, na mishale ikaanza kuruka. Bunduki zililia. Krapf alifyatua ya kwake hewani, kwa kuwa dhamiri yake haikumruhusu kumwaga damu ya mtu. Mlio haukutosha. Wafuasi wengi wa Kivoi walitimua mbio, akabaki na wachache, akauawa pamoja na baadhi yao.

Hapo ndipo lilipo doa ambalo hakuna maandishi yaliyoweza kulifuta. Mtu aliyekuwa na baruti, risasi na bunduki nzima alipiga hewani huku mwenyeji wake akiuawa. Kwa Krapf lilikuwa jambo la imani. Kwa ndugu wa marehemu, kama itakavyoonekana, lilikuwa jambo jingine.

Krapf alijikuta peke yake msituni. Kiu ilimpeleka Tana, akanywa, lakini hakuwa na chombo cha kuchukulia maji. Akajaza mfuko wa ngozi wa darubini yake, kisha akajaza mitutu ya bunduki na kuiziba kwa majani na vipande vya nguo. Bunduki iliyoshindwa kumwokoa Kivoi ikawa kibuyu. Hata hivyo, vichaka alivyopenya usiku viling'oa vizibo, maji yakamwagika. Alitafuna majani na mizizi, akajaribu hata kula baruti. Katika mto mkavu alikuta mahali ambapo nyani walikuwa wamechimba mchanga, na chini yake palikuwa na maji. Silaha aliyoibeba nchi nzima ilimsaidia kidogo kuliko makucha ya nyani.

Hatimaye alifika kwa watu wa Kivoi, na hapo hatari mpya ilimkabili. Jamaa walitaka kujua ilikuwaje mgeni arudi mzima na mwenyeji abaki maiti. Kwa desturi yao, aliyesafiri chini ya ulinzi wa mtu hamwachi mtu huyo afe peke yake. Minong'ono ya kumuua ilimfikia. Alitoroka usiku, akawa anatembea gizani na kujificha mchana, mpaka akapata watu waliomsaidia kurudi Rabai.

Ni vigumu kuwalaumu jamaa hao. Walikuwa wamempoteza mtu aliyelisha, aliyeongoza na aliyewajua watu wa kila kituo kuanzia Rabai hadi ng'ambo ya Tana. Habari nyingi za mauaji hayo zilizosalia katika maandishi ni za yule yule waliyemshuku, katika kitabu alichochapisha kwa Kijerumani mwaka 1858 na kutolewa kwa Kiingereza mwaka 1860.

Biashara ya Kitui haikufa siku hiyo, ila haikupata tena mtu wa kimo chake. Misafara ya Waswahili na Waarabu ilianza kwenda bara yenyewe badala ya kungoja Wakamba pwani, na kufikia miaka ya 1860 na 1870 ilikuwa imewapokonya sehemu kubwa ya soko. Waliingia na bunduki nyingi zaidi na bora zaidi. Uingereza ilichukua Snider mwaka 1866 na Martini-Henry mwaka 1871, na kila mabadiliko yalimwaga silaha kuukuu kusini. Mwaka 1888 ubalozi mdogo wa Uingereza mjini Zanzibar ulikadiria kwamba kati ya silaha 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka.

Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulipiga marufuku bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mwanya kwa zile za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu. Maana yake ni kwamba Mwafrika aliruhusiwa silaha ya aina aliyoijua Kivoi, nusu karne baadaye, huku askari waliokuja kumtawala wakibeba bunduki za risasi nyingi.

Reli kutoka Mombasa ilipita Kibwezi na Makindu mwaka 1898, ikifuata kwa sehemu nyika zile zile ambazo misafara ya pembe ilipitia. Mwaka huo huo njaa ya Ngomanisye iliikumba Ukambani na kuua watu wengi. Waliookoka hawakuwa tena na mtu wa kuwaongoza Mbeere kutafuta nafaka kwa pembe na mikufu. Wengi walikwenda kutafuta chakula kwenye vituo vya reli.